DT ya marehemu mzee imelala stoo tangu 2013: nimfuate fundi yupi?

*"Naishi Njombe. Marehemu baba alikuwa bwana mifugo, akaacha Yamaha DT175 aliyoinunua kwenye mnada wa halmashauri. Imekaa stoo tangu 2013 bila kuwashwa. Nataka niifufue, maana nina shamba upande wa Manda na njia za huko zinazishinda bodaboda za kawaida mvua ikishika. Fundi wa kwanza kasema nimwage petroli ya zamani, niweke mpya na plagi mpya, tuisukume kwenye mteremko itawaka. Wa pili anataka kwanza tung'oe pampu ya oili kwa sababu 'ndiyo inayoua injini hizi', niwe nachanganya mwenyewe tangini. Wa tatu anasema tuachane na injini hiyo, tufunge ya Kichina ya sisi (cc) 150. Kiki inashuka, ila kwa ugumu. Nimfuate nani?"*

Mungu ampumzishe mzee. Nikisoma swali lako naona kinachokuumiza kichwa si pikipiki, ni mafundi watatu, kila mmoja na uhakika wake, na hakuna hata mmoja aliyefungua nati moja akatazama ndani. Nikupe msimamo wangu mapema. Wa kwanza usimsikilize. Wa pili ana nusu ya ukweli. Wa tatu huenda akaja kuwa sahihi, lakini bado ni mapema mno kuamua hivyo.

DT iliyolala kuwaka si kazi. Moto wa plagi unatoka kwenye magneti, kijenereta kinachozungushwa na injini yenyewe, hauhitaji betri, kwa hiyo hata betri ikiwa imekufa zamani injini inaweza kulia. Ukiweka petroli safi na plagi mpya kuna uwezekano mkubwa itawaka kweli, watu watashangilia na fundi atapata soda yake. Kazi iko kwenye dakika kumi zinazofuata, na ili uelewe kwa nini, inabidi ujue injini hii inalainishwaje.

Mafundi wengi wa sasa wamekulia kwenye injini za bodaboda, zile za mapigo manne. Chini kuna oili, pampu inaizungusha, ukichomoa stiki ukaiona huna wasiwasi. DT175 ni ya mapigo mawili, tu-stroku. Oili unayomimina kwenye injini yake, chini ya lita moja, ni ya gia na klachi peke yake. Haifiki kwenye pistoni wala kwenye beringi za krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni. Krenki ina chumba chake kilichozibwa, na mchanganyiko wa hewa na petroli hupita humo kwanza, chini ya pistoni, ndipo usukumwe juu kwenda kuungua. Oili ya 2T, ile maalumu ya mapigo mawili, husafiri na mchanganyiko huo, hulowesha beringi kubwa na ndogo za konrodi (fimbo inayounganisha pistoni na krenki) na ukuta wa bloku (silinda), halafu huungua na kutoka na moshi. Hakuna akiba chini. Oili ikikatika, chuma kinasagana na chuma dakika hiyohiyo.

Sasa rudi kwa fundi wa kwanza na mteremko wake. Injini haijalowa oili kwa zaidi ya miaka kumi, hakuna anayejua kama pampu inasukuma kitu, na yeye anataka kuizungusha kwa uzito wa mwili wako na wa pikipiki. Kibaya zaidi, klachi iliyolala muda mrefu sahani zake hugandamana. Unabana mkono, pikipiki haiachii gia. Ongeza viatu vya breki ambavyo gundi yake imezeeka. Unataka kugundua hayo yote ukiwa katikati ya mteremko?

Anza hivi. Toa plagi, mulika tochi ndani uone kichwa cha pistoni na ukuta wa bloku. Mimina vijiko viwili vitatu vya chai vya oili ya 2T kwenye tundu la plagi, iache ilale usiku mzima. Kesho yake fungua kifuniko cha kushoto, shika nati ya magneti kwa spana na uzungushe injini taratibu, mbele kidogo, nyuma kidogo. Usitumie kiki, maana meno yake huvunjika kabla pistoni iliyokaza haijakubali. Mkono wako kwenye spana utakuambia mengi. Ugumu unaofanana mzunguko mzima mara nyingi ni ukavu tu. Ukikwama mahali palepale kila ukifika, kuna mstari wa kutu pale ringi zilipolala. Ukisikia mkwaruzo kama wa mchanga, simama hapo, usiendelee.

Kuna sababu nyingine ya kiki kuwa ngumu ambayo watu huisahau. Angalia kitangi cha oili ya 2T, kile kilichojificha nyuma ya kifuniko cha pembeni. Ukikikuta kitupu na hakuna aliyekimwaga, oili huenda imejipenyeza polepole hadi chumba cha krenki, kwa sababu kivalvu kidogo cha kuzuia, kagololi na springi, kilichoka. Injini iliyojaa oili chini inakuwa nzito kupiga, na ikiwaka inatoa moshi wa kufukuza nyuki. Hilo si baya sana. Toa plagi, funika tundu kwa kitambaa, zungusha hadi oili itoke. Kivalvu ndicho cha kutengeneza.

Hata ukiona inazunguka vizuri, mimi ningefungua hedi na bloku. Kwenye injini hii ya kupozwa na hewa ni kazi ya asubuhi moja, haina valvu kwenye hedi wala cheni ya taimingi, na gasketi zake si ghali. Ukikuta kutu nyepesi inayotoka kwa msasa laini wenye oili, ringi mpya zinaweza kutosha. Ukikuta mashimo ya kutu unayoyasikia kwa ukucha, bloku inakwenda kuchongwa. Saizi ya kiwandani ni milimita 66, na pistoni za kuongeza huenda kwa 0.25 hadi 1.00. Hapa shika neno moja: pistoni ipatikane kwanza mkononi, ndipo bloku iende kwa mchongaji na apime kwa pistoni hiyohiyo. Nimeona bloku nyingi zimechongwa kwa saizi ambayo dukani haipo. Mkumbushe pia alainishe kingo za matundu yaliyo kwenye ukuta wa bloku baada ya kuchonga, la sivyo ringi itakwama hapo.

Na kama fundi wako ni wa bodaboda, simama naye wakati wa kurudisha. Kwenye pistoni ya tu-stroku kila mfereji wa ringi una kapini kadogo, na ncha mbili za ringi lazima zikae kwenye kapini hako zisizunguke, maana ukuta wa bloku una matundu. Akizipanga kwa mazoea ya mapigo manne, bloku inaharibika siku hiyohiyo. Mshale wa pistoni utazame kwenye eksozi.

Nimesema chumba cha krenki kimezibwa. Kinachokiziba ni sili mbili za mpira, moja kila upande wa krenki, na hizi ndizo zinazoua DT nyingi zilizofufuliwa. Mpira ukikaa mkavu miaka kumi, mdomo wa sili unakuwa mgumu. Sili ya kulia, upande wa klachi, ikivuja, injini inanyonya oili ya gia: moshi mweupe mzito, plagi inalowa, oili ya gia inapungua bila tone kuanguka chini. Hiyo inaudhi lakini inakupa taarifa. Ya kushoto, nyuma ya magneti, haitoi taarifa. Inanyonya hewa tupu. Mchanganyiko unakuwa na petroli kidogo na oili kidogo, injini inapata moto kupita kiasi, na dalili yake ya mwanzo watu huifurahia: pikipiki inakuwa nyepesi, inachangamka. Ukiachia mafuta sailensa (mwendo wa injini mkono ukiwa umeachiwa) inachelewa kushuka, inabaki juu inalia. Baada ya kilomita chache pistoni inakaza kwenye bloku na tairi la nyuma linajifunga. Halafu lawama zote zinaangukia pampu ya oili.

Kupima sili hakuhitaji mashine. Ziba mlango wa eksozi kwa kipande cha tyubu kilichobanwa na bati. Ziba mpira wa kabureta kwa kizibo chenye valvu ya tyubu ya baiskeli, rudisha plagi, ziba na tundu la kuingizia oili ya 2T. Kisha tafuta ile geji ya mviringo ya kipimo cha presha ya damu, iunganishe, na upampu kwa pampu ya baiskeli polepole hadi 250. Usizidishe, geji yenyewe inaishia 300, na upepo mwingi unageuza midomo ya sili nzima. Subiri dakika tano. Mshale ukishuka kidogo tu, injini imeziba. Ukianguka hadi chini ndani ya dakika moja, paka povu la sabuni kwenye viungo vyote: chini ya bloku, kwenye mpira wa kabureta, kwenye plagi. Fungua kifuniko cha kujazia oili ya gia usikilize. Hewa ikitokea humo, sili ya kulia imekwisha. Kwa ya kushoto chomoa sahani ya magneti upake povu pale. Magneti huvutwa kwa puleri yake, kifaa maalumu cha kuing'olea. Anayeigonga kwa nyundo anapinda krenki, na krenki ikipinda hesabu zote zinabadilika.

Sili zenyewe zina saizi zilizoandikwa usoni, na maduka ya beringi ya Makambako au Mbeya huwa na kitu kinacholingana. Sema tu kwamba ni ya krenki ya tu-stroku, inayovumilia petroli. Saizi pekee haitoshi.

Tuje kwa fundi wa pili. Pampu anayotaka kuing'oa inaitwa Autolube. Yamaha waliitoa kwa mara ya kwanza 1964. Waya wa mafuta kutoka mkononi umegawanyika mara mbili, mmoja unakwenda kwenye kabureta na mwingine kwenye pampu, na pampu yenyewe inazungushwa na injini. Kwa hiyo oili inafuata vitu viwili: injini inakwenda kasi gani na umefungua mafuta kiasi gani. Hoja ya fundi wako ni kwamba pampu ikifa hutajua hadi injini ife. Ni kweli. Lakini pampu hizi ni imara mno. Kinachoziangusha ni bomba lililopasuka, chujio la kitangi lililoziba, waya uliolegea, na zaidi ya vyote hewa iliyoingia kwenye bomba baada ya kitangi kukauka.

Na wewe safari yako ni ya kushuka. Kutoka Njombe kwenye karibu mita 2,000 unapitia Ludewa hadi Manda kwenye Ziwa Nyasa, takriban mita 500. Mteremko mrefu, gia ndogo, mkono umefunga mafuta, injini inazunguka kwa nguvu ya magurudumu. Kwa aliyechanganya oili tangini, petroli haiingii na oili haiingii vilevile. Pampu ya Autolube inaendelea kudondosha kiasi chake cha chini kwa kuwa injini bado inaizungusha. Kwa njia hiyo mimi ningeibakiza. Ukishindwa kabisa kupata pampu nzima, changanya moja kwa ishirini na tano, yaani mililita 200 za 2T kwa lita tano za petroli, na kwenye mteremko uwe unafungua mafuta kidogo kila baada ya muda mfupi. Usitie oili ya injini ya gari, haikutengenezwa kuungua. Wala usidhani kuzidisha oili ni kujilinda: plagi inachafuka, eksozi inaziba, na nafasi ya petroli inapungua.

Ukiibakiza pampu, itolee hewa. Jaza kitangi, legeza skrubu ya kutolea hewa iliyo kwenye pampu, acha oili itiririke hadi mapovu yaishe, kaza. Bomba jembamba linalotoka kwenye pampu nalo lazima lijae. Kwenye pampu nyingi za zamani kuna kigurudumu cheupe cha plastiki unachokizungusha kwa kidole kufuata mshale huku mafuta yakiwa wazi. Angalia bomba: mapovu madogo yanasogea, yanasogea, kisha oili tupu. Hakikisha pia alama ya kwenye pampu inalingana na kapini kake kama waya unavyotakiwa kuwa. Na tangi la kwanza, hata pampu ikiwa nzima, changanya moja kwa arobaini juu yake: mililita 125 kwa lita tano. Itatoa moshi, iache itoe.

Upande wa petroli: tangi litakuwa na kutu. Siki ndani yake siku moja mbili na kokoto safi za kutikisa hufanya kazi nzuri, kisha suuza kwa maji yenye magadi, kausha haraka, pitisha petroli yenye oili. Tangi likiwa limetoboka, mpelekee mtu anayejua kuliandaa kabla ya kuchomelea. Mvuke wa petroli uliojificha kwenye mikunjo ya bati unatosha kulipua tangi ambalo wewe unaona limekauka. Kabureta ifunguliwe yote, na jeti ndogo ya sailensa isafishwe kwa uzi wa nailoni. Waya unapanua tundu na hutajua kwa nini inakula mafuta. Sponji ya filta bila shaka imekuwa unga. Toa yote isimezwe na injini, uweke sponji ya filta halisi iliyolowekwa oili. Kipande cha godoro hakifai.

Jambo moja kuhusu jeti kubwa. Hewa ya Njombe ni nyepesi, kwa hiyo pikipiki itaonekana inakula petroli na plagi itakuwa nyeusi, na fundi atakushauri uweke jeti ndogo. Huko juu itakwenda vizuri sana. Ukifika Manda kwenye hewa nzito na joto, jeti hiyohiyo inakuwa haitoshi na injini inachemka. Acha jeti ya kiwandani, vumilia weusi kidogo wa plagi ukiwa nyumbani.

Mengine nayapitia haraka. Angalia betri ya mzee imeandikwa volti ngapi kabla hujanunua balbu, maana nyingi za miaka ile ni volti 6. Viatu vya breki badilisha bila kubishana, na vumbi la vile vya zamani usilipulize, lifute kwa kitambaa chenye maji, kwa sababu viatu vya enzi hizo vilikuwa na asbesto. Tairi ikiwa na tarehe ya namba tatu badala ya nne, imetengenezwa kabla ya 2000. Hata kama meno yake ni mapya, itoe. Ya nyuma ya inchi 18 utaipata kirahisi, ya mbele ya 21 anza kuiulizia sasa. Klachi iliyogandamana mara nyingi huachia ukiweka gia, ukabana mkono na kuitikisa pikipiki mbele na nyuma kabla hujawasha.

Fundi wa tatu je? Injini ya Kichina ina spea kila kijiji, hilo sibishani nalo. Lakini si kung'oa na kupachika. Mikono ya chasisi inakatwa na kuchomelewa, mstari wa cheni unabadilika, eksozi inatengenezwa upya, na namba ya injini haitalingana na kadi mpaka TRA, mamlaka ya mapato, waibadilishe. Mimi ningefikia hapo kwa hali moja: krenki ikiwa imekwisha na huipati. Shika konrodi pistoni ikiwa imetolewa, ivute juu na uisukume chini. Kuyumba kidogo pembeni ni kawaida. Kucheza juu na chini hakukubaliki. Ikicheza, krenki inahitaji kutenganishwa kwa presi na kupangwa upya kwa geji, na hiyo si kazi ya chini ya mwembe. Mpelekee mwenye karakana ya mashine, muulize bei, uilinganishe na bei ya pikipiki nyingine iliyotumika. Kama gharama zinakaribiana na unahitaji chombo cha kila siku, nunua nyingine na DT uitengeneze taratibu.

Karatasi nazo zisikusahaulishe. Kadi huenda bado ina jina la mzee, au hata la halmashauri kama hakuihamisha baada ya mnada. Msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama ndiye anayeweza kuihamisha TRA, na hati ya mnada itafute kabla hujatia hela kwenye bloku.

Siku ya kwanza barabarani, zunguka karibu na nyumbani, usiibebeshe mzigo, badilisha kasi mara kwa mara, na weka vidole viwili kwenye klachi muda wote. Ukisikia nguvu inapotea ghafla kama mtu amekushika nyuma, bana klachi papo hapo, funga mafuta, ipumzike hadi ipoe, na usiiwashe tena mpaka ujue hewa inaingilia wapi.

Kwa sasa ningemwita fundi wa pili, kwa sharti kwamba pampu inabaki na kwamba anakuja na puleri ya magneti. Akija na nyundo, mshukuru na umrudishe.